Sentensi Iliyokatwa kwenye Muhtasari

Sauti iliyoanza kunisumbua ilikuwa ya mtu niliyemsikia akizungumza kwa muda usiozidi robo saa. Alikuwa mtendaji wa kata, Mndamba wa makamo, mwenye mwili mkubwa na maneno machache, aliyekuja na pikipiki kutoka upande wa Idete kutoa ushahidi mbele ya kamati ya uchunguzi ya halmashauri yetu. Mimi nilikuwa karani wa masjala, yaani chumba cha majalada. Siku hiyo nilikalishwa mwisho wa meza nikiwa na daftari na kalamu mbili, niandike yatakayosemwa.

Mtuhumiwa alikuwa bwana shamba wa kata hiyohiyo. Wakulima walimjua kwa miguu yake kuliko kwa sura, kwa sababu muda mwingi alikuwa ndani ya majaruba, suruali imekunjwa mpaka magotini, akiwaonyesha namna ya kupanda mpunga kwa mistari. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mpole, kalamu tatu mfukoni mwa shati. Shitaka lake lilikuwa utoro kazini. Siku tisa hakuonekana kituoni, na kwetu mtumishi akikosekana siku tano mfululizo bila ruhusa anaweza kufukuzwa, hata kama miaka yote ya nyuma alikuwa wa kwanza kufika.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Mama yake aliugua ghafla huko Uchindile, kwenye mashamba ya miti, alikokuwa akiishi na mdogo wake wa kiume. Alimpigia simu mtendaji wa kata, akaomba siku tatu, akapewa, akapanda treni. Alipofika, mvua ikakataa kukatika. Udongo ukaporomoka juu ya reli, na barabara ya kushukia Mlimba ikageuka tope. Kila asubuhi alipanda kilima kutafuta mtandao. Siku moja aliupata, akampigia tena mtendaji, akaambiwa atulie mpaka njia ifunguke. Mama yake alipata nafuu, naye akarudi. Alikuta hati ya mashtaka inamsubiri.

Mwenyekiti wa kamati alimuuliza kama anayo ruhusa hiyo kwa maandishi. Akasema hana. Mwenyekiti akafunga kalamu yake kama mtu aliyekwisha kushiba.

Ndipo akaitwa mtendaji wa kata. Alikaa, akaweka helmeti juu ya magoti na kuishika kwa mikono miwili. Aliulizwa anajua nini kuhusu kutokuwepo kwa bwana shamba. Aliitazama feni iliyokuwa ikizunguka juu yetu, kisha akasema, "Nilimruhusu mimi mwenyewe kwa simu. Kama kuna kosa, ni langu, sikuandika."

Niliyaandika neno kwa neno. Alisema polepole, kwa ule mvuto wa Kindamba, na kalamu yangu ikamuwahi. Alipoulizwa kwa nini hakuandika, alieleza kwamba siku ile alikuwa njiani kusuluhisha ugomvi wa wafugaji na wakulima, ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga. Alidhani ataandika Jumatatu, na Jumatatu ikaja na mambo yake. Akashukuriwa, akaruhusiwa kuondoka. Alipopita nyuma ya kiti cha bwana shamba alimgusa bega, mara moja tu. Hilo sikuliandika.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa afisa utumishi, mama aliyekaribia kustaafu. Lazima nimweleze vizuri, maana ni rahisi kumfanya mbaya. Ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa, wakati sijui hata jalada linafungwaje kamba. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja nyumbani na kanga na sabuni, akaketi uani kwangu akafua nepi kwa mikono yake. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu, na hatukuitana hivyo kwa adabu ya ofisini tu.

Nilimpelekea rasimu ya muhtasari. Alikuwa akisahihisha kwa kalamu nyekundu, herufi hapa, nukta pale. Alipofika kwenye maneno ya mtendaji alisimama, kisha akapitisha mstari mmoja ulionyooka juu ya sentensi yote. Nilimwambia kwamba mama, hayo aliyasema.

"Najua aliyasema," akanijibu. "Muhtasari si redio, mwanangu. Ruhusa ya mdomo haihesabiki, kwa hiyo maneno hayo hayabadilishi kitu. Ukiyaacha humo, jalada hili litazunguka mwaka mzima."

Mahali pake akaandika kwamba shahidi alithibitisha kuwa mtuhumiwa hakuwa na ruhusa ya maandishi. Na ilikuwa kweli. Hakuna neno la uongo lililoingia kwenye muhtasari ule.

Miaka yote hii nimetafuta njama, kwa sababu njama ingenifariji. Sijaipata. Hakuna aliyemchukia bwana shamba, hakuna aliyeitaka nafasi yake. Wakaguzi walikuwa wanakuja kupitia orodha ya watumishi, na majalada ya nidhamu yaliyokaa wazi muda mrefu yangeonekana vibaya. Nilichapa nakala safi. Wajumbe wakaisaini mmoja baada ya mwingine, kila mtu akimpisha mwenzake kalamu. Baada ya wiki chache uamuzi ukatoka kwamba afukuzwe kazi. Barua yake pia niliichapa mimi. Aya ya mwisho sikuhitaji kuambiwa, maana imo katika kila barua ya namna ile: iwapo hukuridhika na uamuzi huu, una haki ya kukata rufaa ndani ya siku arobaini na tano.

Daftari nililoandikia siku ya kikao lilipaswa kubaki ofisini. Nililitia mkobani, nikaenda nalo nyumbani, nikalilaza chini ya vitenge sandukuni. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba sitaki kuliacha mahali ambapo mtu mwingine atalikuta.

Siku ya tatu baada ya kupokea barua, bwana shamba alikuja kwenye dirisha la masjala. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, akaniuliza habari za watoto. Kisha akaikunjua barua, akailaza kwenye kizingiti cha dirisha na kuweka kidole kwenye aya ya mwisho.

"Haki hii, dada, inaanzia mlango gani?"

Nilimweleza, na nilimweleza vizuri. Aandike sababu zake moja baada ya nyingine, aambatishe barua ya adhabu, alete nakala hapa ili nizigonge muhuri wa siku, nyingine zitakwenda kwenye tume inayosikiliza rufaa. Asingoje siku ya mwisho. Akikataliwa huko, iko ngazi nyingine moja juu yake, nayo ni ya mwisho. Nilimwambia pia kwamba anayo haki ya kupewa mwenendo wa shauri lake, asome yaliyoandikwa. Nilijisikia mtu mwema nikimwambia hayo. Niliomba idhini kwa mama, akasema mpe, ni haki yake, nami nikampa nakala ya muhtasari.

Aliisomea palepale kwenye benchi la wageni, nje ya dirisha langu. Alisoma mpaka mwisho, akarudi katikati, akasoma tena. Mwishowe alikuja, akainama kidogo ili uso wake ulingane na wangu.

"Kuna ukurasa umepungua humu," alisema.

Nilimtazama machoni. "Kurasa ziko zote," nikamjibu.

Akazihesabu. Zilikuwa zote. Akazipanga, akanishukuru, akaenda zake. Nilimwona akisimama uani juani, karatasi mkononi, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Alifanya kitu cha busara, akamfuata mtendaji wa kata nyumbani ili amwandikie maelezo ya kuambatisha kwenye rufaa. Alimkuta amelala kwenye mkeka barazani, miguu imevimba. Figo zilikuwa zimeanza kumkataa. Mtendaji alimwambia ataandika, amsamehe tu wiki hiyo vidole havishiki kalamu, arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata alikuwa amelazwa. Iliyofuata hiyo tulipanda gari la halmashauri kwenda Idete kumzika.

Kwenye msiba nilikaa na akina mama, mbele ya jeneza. Mama yangu wa kazini alisoma salamu za rambirambi za mwajiri, kwa sauti nzuri aliyojaliwa, na pale penye kumwelezea marehemu alisema alikuwa mtu wa kusema kweli hata inapomgharimu. Hakuwa akifanya unafiki. Nadhani aliamini, na nadhani wakati ule hakukumbuka hata kidogo ile kalamu nyekundu. Bwana shamba alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Alipopita mbele yangu macho yetu yalikutana, akanipa ishara ya kichwa ya kunipa pole.

Tangu siku hiyo sauti ilianza.

Sitaki mtu adhani nasimulia habari za mizimu. Ilikuwa mchana kweupe, katikati ya shughuli zangu. Nilikwenda mashineni kukoboa mpunga, kelele zimejaa masikioni, na katikati ya kelele zile nikasikia, polepole, kwa mvuto ule, *sikuandika*. Niligeuka, nyuma yangu kulikuwa na mwanamke aliyejaa pumba mpaka kwenye kope. Pikipiki ikinguruma chini ya dirisha la masjala, mkono wangu ulisimama juu ya karatasi mpaka izimwe. Siku moja nilipoinua kichwa niliona mtu mnene amekaa kwenye benchi la wageni na helmeti juu ya magoti, ameishika kwa mikono miwili. Nilizunguka mlangoni kumuuliza anahitaji nini. Benchi lilikuwa tupu. Mhudumu wa ofisi alikuwa akipiga deki korido nzima, na sakafu ilikuwa imelowa bila alama ya kiatu. Nilimuuliza kama ameona mtu. Akaniambia dada, labda njaa.

Mume wangu aliona kwamba nimeanza kunyamaza mezani. Nilipomweleza, aliniuliza swali moja tu, kama daftari bado ninalo. Nikasema ninalo. Akasema tuna watoto wawili, nami nikaelewa, na hatukulizungumza tena kwa muda mrefu.

Jambo lililonitisha kuliko yote lilitokea kazini. Nilipewa barua ya kuchapa, mwalimu mmoja wa shule ya msingi anakubaliwa likizo yake ya mwaka. Barua ya mistari minne, za namna ile nimechapa mamia. Niliipeleka kwa mama kwa ajili ya saini. Aliisoma, akainua macho akanitazama, akaisoma tena. Kisha akaigeuza ili niione. Katikati, baada ya tarehe ya kuanza likizo, nilikuwa nimechapa: Nilimruhusu mimi mwenyewe kwa simu.

Sikukumbuka kuichapa. Nilisimama pale nikisubiri aniulize. Hakuniuliza. Alichukua kalamu nyekundu, akapitisha mstari juu ya sentensi ile kwa mara ya pili katika maisha yake, akanirudishia karatasi, akasema nikachape upya. Kalamu aliitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo, ndipo nikajua kwamba na yeye hakuwa amesahau.

Jibu la rufaa lilichukua karibu mwaka. Lilikuja katika bahasha ya kawaida, nikaiandikisha kwenye kitabu cha barua zinazoingia kama nyingine zote. Rufaa ilikuwa imekataliwa. Sababu zilikuwa za haki kabisa kwa mtu aliyekuwa na karatasi zile tu mbele yake. Walisema mrufani anadai shahidi alikiri kumpa ruhusa, lakini mwenendo wa shauri hauonyeshi hivyo, na shahidi mwenyewe ni marehemu. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama. Kule juu walikuwa wamefanya kazi yao vizuri. Waliuliza karatasi, na karatasi yangu ikawajibu.

Alipokuja kuichukua aliisoma dirishani, akaikunja mara nne.

"Bado iko ile nyingine ya mwisho," alisema. "Uliniambia."

Nikasema ndiyo, ipo, na siku zimeanza kuhesabika. Akashukuru. Alikuwa amekonda. Kalamu bado zilikuwa mfukoni, ila mbili, na shati lilikuwa lilelile la kwenye kamati.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Halafu Jumamosi moja nilitoa daftari sandukuni, nikamwambia mume wangu ninakwenda Lipangalala. Hakuniuliza kufanya nini. Alisema nichukue mwavuli, mawingu yamekaa vibaya.

Bwana shamba alikuwa amepanga chumba kule, na kwenye uwanja wa nyumba alikuwa ameanika mpunga wake juu ya turubai. Alikuwa anatembea juu yake pekupeku, anaburuta nyayo ili punje zigeuke zipate jua upande wa pili. Mkewe alikuwa amekwenda kwao kwa muda, alisema, na sikuuliza muda gani. Alinitolea kigoda. Sikukaa. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wenyewe, nikampa.

Alisoma akiwa amesimama katikati ya mpunga. Ni mistari miwili tu, lakini aliisoma kwa muda mrefu sana.

"Hii ni siku ileile?"

"Ni siku ileile. Niliandika akiwa anasema."

"Na kwenye kile ulichonipa haimo."

"Ilikatwa. Niliambiwa niiache nikaiacha. Nilichapa mimi."

Akaanza tena kuburuta nyayo, mstari mmoja mpaka mwisho wa turubai, akageuka, akarudi na mwingine. Daftari alikuwa amelishika nyuma ya mgongo. Nilitamani anitukane. Alipofika karibu nami akasimama.

"Nilipokuja dirishani nikasema kuna ukurasa umepungua," alisema, "uliniangalia usoni."

"Ndiyo."

"Nikaondoka nikijua kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nilimsikia yule mzee kwa masikio yangu, lakini kila mtu amesaini kwamba hakusema. Nikasema basi sikusikia, na hata kuahidi kuniandikia ilikuwa huruma ya mgonjwa tu. Mama yangu aliniuliza, huyo mtendaji si alikuruhusu? Nikamwambia labda niliota. Amefariki akijua mwanawe alitoroka kazi akamsingizia marehemu."

Sikujua kwamba mama yake amefariki. Nilisema nisamehe, kaka. Alinijibu kwamba hilo tuliache kwanza, siku zimebaki chache, nimwambie kinachotakiwa ni nini.

Basi nikamwambia, pale juani, kama nilivyomwambia mara ya kwanza, ila sasa nilikuwa ndani ya maneno yangu mwenyewe. Niliandika maelezo yangu kwa mkono, nikaeleza kikao, rasimu, mstari mwekundu na nakala safi, na nikaapa mbele ya wakili mmoja mjini kwamba ninayosema ni kweli. Tuliambatisha daftari lote, si ukurasa ule tu, ili mtu asije akasema nimeupachika. Rufaa aliileta Jumatatu. Niliigonga muhuri, nikaiandikisha. Katika safu ya maelezo mafupi niliandika: rufaa ya mwisho, pamoja na kiapo cha karani wa masjala. Halafu nikaenda kubisha mlango wa mama kumwambia.

Alinisikiliza bila kunikatisha. Mezani pake kulikuwa na glasi ya maji, akaifunika kwa kisahani chake.

"Ungeniambia kwanza, mwanangu."

"Ningekwambia, ungenizuia."

Alifikiri kidogo. "Ndiyo," alisema. "Ningekuzuia."

Hatukuwa na zaidi ya hayo. Nilimsikia akifunga mlango kwa ndani nilipotoka.

Uamuzi wa mwisho ulikuja baada ya miezi mingi, na ulikuwa wa kumrudisha kazini bwana shamba, ahesabiwe kwamba hakuwahi kuondoka. Nilidhani nitalia kwa furaha nikiandikisha barua ile. Nilisikia uchovu tu. Alipangiwa kituo upande wa Mlimba, mbali na Idete, na alikwenda. Mkewe alimfuata, niliambiwa, baada ya mavuno.

Mimi na mama tulipewa hati za mashtaka siku moja. Yeye kwa kubadilisha kumbukumbu za kikao, mimi kwa kuchapa nikijua, na kwa kukaa na waraka wa ofisi nyumbani. Nilijibu kwamba yote ni kweli. Nilishushwa cheo ngazi moja. Barua yangu ilikuwa na aya ileile ya mwisho, imechapwa na msichana mgeni niliyemfundisha mwenyewe mahali pa kuiweka. Siku arobaini na tano zilipita nikizitazama, sikukata rufaa. Watu walidhani naogopa. Kwa kweli nilihofia kushinda.

Mama alishushwa cheo pia, akiwa amebakiza muda mfupi astaafu. Yeye alikata rufaa. Mtu aliyekuwa akijua kanuni zote kwa kichwa alikuja na nyaraka zake dirishani kwangu kama mtu mwingine yeyote, akasimama upande ule wa wageni. Nilimwamkia. Aliitikia. Nilisoma sababu zake kwa kuwa ni kazi yangu kuhakiki viambatisho. Alikuwa ameandika kwamba marekebisho aliyofanya yalikuwa ya lugha, na kwamba nakala ya mwisho ilichapwa na karani aliyekuwa na wajibu wa kuhakikisha usahihi wake. Nusu yake ilikuwa kweli. Niliigonga muhuri na tarehe ya siku ile, nikamrudishia nakala yake kwa mikono miwili. Alibaki amesimama. Alikuwa akitazama ndani ya masjala, kwenye makabati aliyoyanunua na kuyapanga yeye mwenyewe. Rufaa yake haikufaulu. Alistaafu, akarudi kwao. Mwanzoni nilimpigia simu, iliita mpaka ikakata. Sasa namba haipatikani.

Nimeulizwa kama sauti ilikoma. Nilitegemea itakoma siku nilipokabidhi daftari. Ilikoma kwa wiki kadhaa, halafu ikarudi, ila ilibadilika. Simsikii tena mtendaji akisema sentensi yake. Ninajisikia mimi, kwa sauti ya upole, nikisema kurasa ziko zote. Huja ninapohesabu nguo za kufua, au ninapomjibu mtoto jambo dogo kwa haraka. Namwambia mtoto ndiyo, halafu narudi kumuuliza tena alikuwa amesema nini.

Mwaka jana, msimu wa kuvuna, bwana shamba alikuja mjini kuchukua barua ya kupandishwa daraja. Nilimwona tangu getini. Amenenepa kidogo, ana mvi. Tulisalimiana, akaniuliza habari za watoto kwa utaratibu uleule, nami nikamuuliza habari za mpunga wa Mlimba. Jambo la zamani hatujawahi kulirudia, na neno la kunisamehe hajalisema. Nilimpa bahasha, akaifungua, akaitazama barua, kisha akairudisha kwangu kupitia dirisha.

"Nisomee," alisema.

Nilidhani amesahau miwani. Miwani ilikuwa mfukoni, pamoja na kalamu.

"Karatasi ya ofisi nikiisoma peke yangu siiamini," alieleza, bila uchungu, kama mtu anayemwambia daktari mguu unauma wapi. "Nyumbani ananisomea mke wangu. Lazima nisikie mtu mwingine akisema kilekile ninachokiona."

Nyuma yake kulikuwa na watu wawili wanasubiri. Nikaisogeza barua katikati ya kizingiti ili tuione wote, nikaanza na kumbukumbu namba, tarehe, jina lake, na nikasoma polepole mpaka kwenye saini, naye akifuata kwa kidole.